Mlimcheka Staa kwa Kupanda Farasi Mdogo? Someni Hii Kwanza

Jina simtaji, mnajua sheria ya hapa kwetu: kisa tunakisema, mwenye kisa anajijua. Kidokezo nawapa. Ni staa wa kiume, kifua kimejaa, jimu hakosi, na mwezi uliopita alikwenda kula bata Lesotho na mtu wake ambaye naye simtaji. Akaposti picha yuko milimani, blanketi begani, kofia ya majani yenye ncha juu, amekaa juu ya farasi. Picha kali kabisa. Tatizo farasi mwenyewe mfupi, na miguu ya jamaa inaning'inia mpaka unahisi akijinyoosha kidogo anagusa nyasi.

Kilichofuata mnakijua, maana wengine mliandika nyie. "Shuka na wewe umbebe." "Huyo farasi au mbuzi wa sikukuu?" Kuna mmoja akaweka picha ya mtoto kwenye vile vifarasi vya plastiki vya kutumbukiza sarafu, akaandika "mapacha". Nilicheka pia, nisiwadanganye. Baada ya siku mbili picha ikafutwa.

Ila kulikuwa na komenti moja ndogo, haikupata hata laiki kumi, ikanikaa. Mdau aliandika: "Kule watu wazima wote wanapanda hao hao." Basi. Mimi historia niliishia kidato cha nne, na matokeo yangu hayafai kubandikwa ukutani, lakini jambo likinikaa kichwani silali. Wiki mbili nimesoma habari za farasi mpaka nyumbani wakadhani nataka kununua mmoja. Na nimerudi na habari.

Tuanze na kipimo, maana wengi tunakosea hapo. Farasi hapimwi kichwani, anapimwa mabegani, pale shingo inapoishia. Kwenye mashindano ya kimataifa, asiyezidi sentimita 148 bila viatu vya chuma anahesabiwa poni, yaani farasi wa daraja la wadogo. Akizidi hapo ni farasi kamili. Huo mstari ni wa karatasi tu. Nenda Iceland: farasi wao wengi wana sentimita 130 mpaka 145, mibaba yenye ndevu inawapanda kutoka asubuhi mpaka jioni, na ukimwita poni mbele ya mwenyewe unatafuta ugomvi. Wanaita farasi, imeisha hiyo. Tena farasi wa kule akishapelekwa nje ya nchi harudi tena, sheria inakataza, wanaogopa magonjwa. Ndivyo wanavyowalinda hao mnaowaita mbuzi.

Sasa nawapa staa mwingine, huyu mtamjua. Mwishoni mwa Mei 2020, dunia imejifungia ndani kwa ajili ya korona, ikatoka picha ya bibi wa miaka 94 amepanda farasi kwenye bustani ya nyumba yake. Kichwani kitambaa tu, wala si kofia ngumu. Farasi mweusi, mfupi, manyoya miguuni kama amevaa soksi. Bibi huyo alikuwa na uwezo wa kupanda farasi yeyote duniani. Farasi wa mbio alikuwa nao wa mamilioni. Akachagua poni wa aina ya Fell, wale wa vilima vya kaskazini mwa Uingereza, ambao hawatakiwi kuzidi sentimita 142 hivi. Jina la poni lilikuwa Balmoral Fern. Bibi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili. Hakuna aliyemwambia ashuke ambebe.

Na hapo ndipo habari inapokuwa tamu, kwa sababu miaka 480 kabla ya picha ile, kwenye kiti kilekile cha ufalme alikaa mtu aliyetaka farasi wafupi wafe.

Henry wa Nane. Mnamjua kwa habari za wake sita, lakini hii hamkuisikia. Mwaka 1535 ilipitishwa sheria kwamba wenye mashamba makubwa yaliyozungushiwa uzio lazima wafuge majike wasiopungua kimo fulani. Mwaka 1540 wakakaza zaidi: kwenye wilaya kadhaa, dume aliyezidi miaka miwili na hajafika kimo cha sentimita 152 hivi hakuruhusiwa kulishwa kwenye malisho ya wote. Kila mwaka, karibu na mwisho wa Septemba, watu wakusanye farasi waliomo kwenye maeneo hayo, na wale wanaoonekana hawatazaa watoto wa maana wauawe. Ndiyo, wauawe. Sababu ilikuwa vita. Mfalme alitaka farasi wakubwa wa kubeba wanaume wenye mavazi ya chuma. Na yeye mwenyewe kufika mwaka ule wa 1540 alikuwa si haba: vazi lake la vita la wakati huo lipo mpaka leo, na kiuno chake kinazidi sentimita 120.

Fikiria sasa wewe ni mkulima maskini. Una poni mmoja, anakula nyasi mbovu na hachagui, anakubebea mkaa na kuni, wewe na mkeo mnampanda kwenda sokoni. Anakuja mtu na kijiti cha kupimia, anasema huyu mfupi, auawe. Mkubwa wa kumrudishia huna, na ukiletewa huna cha kumlisha. Hilo la mwisho serikali yenyewe ilikuja kulikubali. Mwaka 1566 binti yake Henry, Elizabeth wa Kwanza, alilegeza sheria kwenye maeneo ya mabwawa, kwa sababu ardhi ya kule haikuweza kulisha farasi wakubwa. Kule milimani kaskazini nako poni hawakuisha. Ndiyo maana miaka 480 baadaye bibi alikuwa na wa kumpanda.

Mchekesho wenyewe ni kwamba Henry alikuwa anakimbiza picha iliyokuwa kichwani kwake. Sote tunayo picha hiyo, tumeipata kwenye muvi: askari wa kale wa Ulaya, chuma mwili mzima, juu ya dude la farasi kama lori. Mwaka 2021 wataalamu wa Uingereza walitoa utafiti wa mifupa karibu 2,000 ya farasi, iliyochimbwa sehemu zaidi ya 170, ya kuanzia mwaka 300 mpaka 1650. Wengi wa farasi wale walikuwa chini ya ule mstari wa sentimita 148. Yaani wale mashujaa, wengi wao, walikuwa juu ya poni. Mtu mzima, upanga, ngao, na miguu inaning'inia kama ya staa wetu.

Wamongolia ndiyo usiseme. Farasi wao ni wa sentimita 120 na kitu mpaka 140 na kitu, kichwa kikubwa, shingo fupi, ukimwona huwezi kumpa hata namba. Juu ya hao ndiyo Genghis Khan aliwaunganisha watu wake mwaka 1206, na watoto na wajukuu zake wakafika China upande mmoja na Ulaya ya Mashariki upande wa pili.

Kuna kisa cha padri mmoja Mwitaliano ambacho nakipenda kuliko vyote. Anaitwa Giovanni da Pian del Carpine. Papa alimtuma mwaka 1245 apeleke barua kwa Wamongolia, waache kuua Wakristo. Padri alikuwa mnene, mnene hasa, kiasi kwamba huko nyuma alipokuwa Ujerumani alikuwa akisafiri kwa punda. Na umri ulishamtupa mkono, yuko sitini na kitu. Alipofika Kiev akaambiwa: hawa farasi wako wa Ulaya waache hapa. Ukienda nao kwa Wamongolia watakufa wote, kwa sababu majani yako chini ya theluji na farasi wako hawajui kuyachimba. Wale wafupi wanajua. Wanapiga theluji kwa kwato, wanakula, safari inaendelea.

Basi padri mnene akapandishwa farasi wa Kimongolia. Alipotoka kwenye kambi ya mkuu wa upande wa magharibi ilikuwa Pasaka ya mwaka 1246, akaendeshwa mbio zaidi ya siku mia moja mpaka kwenye kambi ya mfalme, wakibadilisha farasi vituoni mara kadhaa kwa siku. Hiyo ya kubadilisha muishike, nitairudia. Na barua alifikisha, akarudi nyumbani mzima, akaandika kila kitu, ndiyo maana na mimi nakuandikia hapa.

Haya, turudi Afrika, kwa sababu ile picha haikupigwa Mongolia.

Farasi si mnyama wa asili wa kusini mwa Afrika. Waholanzi walileta wanne kutoka Java mwaka 1653, kwenye kituo chao cha Rasi. Wa Java walikuwa wadogo. Baadaye wakachanganywa na wa Kiarabu, wa Kiajemi na wa Kiingereza, wakawa farasi wa Rasi. Kwa muda mrefu hao walikuwa silaha ya wengine. Watu wenye farasi na bunduki walikuwa wanavamia vijiji, wanachukua ng'ombe, wanaondoka kabla hujavaa viatu. Wasotho walikuwa miongoni mwa waliovamiwa.

Mfalme wao, Moshoeshoe, alikuwa na akili ambayo mimi nikisoma nasimama kidogo, naweka simu chini. Tangu 1824 alikuwa amewakusanya watu wake juu ya mlima wa Thaba Bosiu, juu bapa, kingo zimesimama kama ukuta. Wengi walikuwa wakimbizi wa vita, makabila tofauti. Alipoona kazi ya farasi hakusema hiki ni kitu cha wageni. Akajifunza kupanda yeye mwenyewe, na hakuwa kijana, alishapita miaka arobaini. Watu wake wakaanza kupata farasi, wengine kwa kuteka, wengine kwa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya makaburu na kurudi na farasi kama mshahara. Ndani ya kizazi kimoja, watu ambao babu zao hawajawahi kuona farasi wakawa taifa la wapanda farasi.

Na farasi nao wakabadilika. Lesotho hakuna bonde la joto. Sehemu ya chini kabisa ya nchi ile ni mita 1,400 hivi juu ya bahari, na baridi ya Juni inashusha theluji. Nyasi chache, njia ni mawe. Aliyekuwa anakula sana akafa, aliyeteleza akafa. Waliobaki ni wafupi, kwato ngumu kama jiwe, na mwendo wa haraka usiomrusha mpandaji. Hao ndio poni wa Basotho, na mmoja wao ndiye aliyembeba staa wetu.

Desemba 1852 ndiyo walipimwa. Gavana wa Waingereza kule Rasi, George Cathcart, alikuja na jeshi akidai faini kwa sababu ya wizi wa ng'ombe: ng'ombe 10,000 na farasi 1,000, ndani ya siku tatu. Moshoeshoe akaleta ng'ombe 3,500. Tarehe 20 Cathcart akavuka mto. Askari wake wa farasi wenye mikuki wakapanda juu ya mlima wa Berea, wakakuta ng'ombe kwa maelfu, wakaanza kuwaswaga. Sasa waza: umevaa sare nzuri, uko juu ya farasi wa jeshi, mbele yako ng'ombe wanapiga kelele, mlima huujui, njia za kushuka huzijui. Ghafla wanatokea watu wenye mablanketi juu ya poni wanaoujua kila upenyo. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 30 siku ile, na jioni Cathcart akajikuta ametazamana na wapanda farasi wa Kisotho wanaokadiriwa 6,000.

Usiku ule Moshoeshoe akafanya jambo ambalo staa yeyote wa leo lingemshinda. Alikuwa hajashindwa, lakini aliandikisha barua kwa gavana, maneno ya upole, kwamba umeonyesha nguvu zako, adhabu imetosha, naomba amani. Cathcart akaishika barua ile kama mtu anayezama anavyoshika kamba. Akatangaza ameridhika, akaondoka na jeshi lake. Miaka miwili baadaye aliuawa kwenye vita vya Crimea.

Nchi ile ilikuja kuwa chini ya Waingereza mwaka 1868, kwa kuomba yenyewe, maana makaburu walikuwa wanaimega ardhi yake kila mwaka. Mwaka 1880 serikali ya Rasi ikataka Wasotho wasalimishe bunduki. Wakapanda poni zao wakapigana mpaka mwaka uliofuata, na bunduki zikabaki mikononi mwao. Leo Lesotho ni nchi kamili imezungukwa pande zote na Afrika Kusini, na mimi siwezi kuitazama ramani ile bila kufikiria kwato.

Kilichowaumiza poni hao ni sifa. Vita vya Waingereza na makaburu vilipoanza 1899, jeshi lilileta farasi wakubwa kutoka nje, wakafa kama nzi. Poni wa Basotho akadumu. Basi wakanunuliwa kwa maelfu, wazuri wakaondoka, na wengi hawakurudi. Nchi ikabaki inazalisha kwa waliosalia. Mtu akikwambia poni wa Basotho wa leo si kama wa zamani, sababu moja ni hiyo.

Na bado wanafanya kazi. Kuna vijiji vya Lesotho ambavyo gari halifiki, na dawa za zahanati na sampuli za damu zimepelekwa kwa farasi. Mgonjwa naye anashushwa juu ya huyo huyo poni. Mtu mzima, tena anaumwa.

Hapa nilitaka nimalize kwa kuwaambia mliomcheka jamaa mumwombe radhi. Nikashindwa. Nitawaambia kwa nini.

Nilipokuwa nasoma nikakutana na suala la uzito. Mwaka 2008 watafiti wa Ohio State kule Marekani walichukua farasi wanane, wakawabebesha asilimia 15, 20, 25 na 30 ya uzito wao. Mpaka asilimia 20 hali ilikuwa nzuri. Kwenye 25 na 30 mapigo ya moyo yalipanda na misuli ya mgongo ikauma baada ya kazi. Kwa hiyo wapandaji wengi wanashika ile 20, ukijumlisha mtu, nguo na tandiko. Poni wana migongo mifupi na mifupa imara, wengine wanabeba zaidi ya hapo bila shida, sikatai. Lakini hesabu haikwepeki. Tukadirie poni wa staa wetu ana kilo 350. Asilimia 20 ni kilo 70. Staa mwenyewe, mwezi wa tatu, aliposti video yuko kwenye mzani wa jimu anajisifia kilo 94. Weka tandiko la kilo 10. Hiyo ni karibu asilimia 30. Na chini ya picha aliandika kwa furaha kwamba wamezunguka milimani saa tano.

Mnaona? Miguu inayoning'inia haina tatizo lolote. Bibi wa miaka 94, mwembamba vile, hakumwumiza Fern hata angekuwa na miguu mirefu kama ngazi. Mmongolia alikuwa na farasi kadhaa, akichoka huyu anahamia kwa yule. Yule padri mnene walimbadilishia farasi kutwa nzima. Staa alikuwa na mmoja, saa tano, kupanda na kushuka. Watu elfu walimcheka kwa kitu kisicho kosa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza lililokuwa la kuuliza. Mimi nikiwemo.

Na wa Pwani msijifanye mko pembeni. Kwetu Afrika Mashariki farasi hakushamiri kwa sababu ya mbung'o. Mwaka 1916 kikosi cha wapanda farasi cha Afrika Kusini kilipokwenda kuwapiga Wajerumani kilifika Kondoa kimepoteza farasi kwa mamia. Lakini punda tunao. Lamu mjini vichochoro ni vyembamba, gari halipiti, na mzee wa kanzu akikaa juu ya punda miguu yake iko karibu kabisa na chini. Hakuna anayecheka pale, wanaamkiana shikamoo na maisha yanaendelea. Ila kuna kliniki ya punda pale tangu 1987, na haikuwekwa kwa urembo. Mgongo wenye vidonda haujali kama umebeba saruji au mtalii.

Screenshot ya ile picha bado ninayo. Juzi niliikuza kidogo, nikaona kitu ambacho sote hatukukiona. Pembeni kuna kijana ameshika kamba. Buti za mvua, blanketi limechakaa, anamtazama farasi badala ya kutazama kamera. Ndiye mwenye farasi, au ni wa baba yake. Mtalii wa kilo 94 amekuja na hela, siku hiyo labda ndiye mteja pekee. Sijui ningekuwa mimi ningemwambiaje, "samahani kaka, wewe utembee."

Mnaojua jina la staa msiliandike hapo chini, nitafuta. Wa Lamu, habari za punda nazisubiri.